Chikungunya: Neno la Jirani Lililobeba Uchunguzi wa Kitabibu

Neno chikungunya leo limo katika kamusi kubwa za Kiingereza, katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani na katika vinywa vya madaktari wa Brazili, India na Italia. Wanafunzi wa mbali huliona kuwa neno gumu la kitaalamu, mojawapo ya yale yanayokaririwa kabla ya mtihani. Kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa ni neno la jirani. Msafiri atokaye Nachingwea mjini hupita Masasi, kisha hupanda kuelekea Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Ni safari isiyomaliza siku moja kwa gari. Huko ndiko ugonjwa huu ulikoelezwa kwa mara ya kwanza kama ugonjwa wa pekee, na huko ndiko ulikopata jina.

Neno hili linastahili kutazamwa kwa makini na wahudumu wa afya na wagonjwa wa wilaya hizi mbili kwa sababu halikutungwa na daktari. Lilitoka kwa wagonjwa na majirani zao. Nalo lilikuwa na uchunguzi wa kitabibu ndani yake kabla maabara haijagusa tone la damu ya mgonjwa yeyote.

Maana ya neno

Asili ya chikungunya ni kitenzi cha Kimakonde, kungunyala, chenye maana ya kukauka na kujikunja. Msomaji anaweza kufikiria jani linavyojikunja likikauka juani. Kiambishi chi- hapa kinafanya kazi ya ki- ya Kiswahili. Dkt. Marion Robinson, aliyechapisha maelezo ya kwanza ya dalili za ugonjwa huu mwaka 1955, alilifasiri neno zima kuwa ni kile kinachokunja. Ni jina linaloeleza mwili wa mgonjwa jinsi unavyoonekana: mgongo umeinama, magoti hayanyooki, vidole vimejifunga nusu na havikubali kufungwa wala kufunguliwa sawasawa.

Waandishi wa baadaye hawakuzingatia kwamba taarifa za mwanzo zilitaja Kimakonde. Wakijua kwamba Kiswahili ndiyo lugha inayounganisha watu wa eneo hili, walidhani neno ni la Kiswahili, na dhana hiyo ikanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Mpaka leo makala nyingi za kigeni hurudia kosa hilo. Mswahili wa Pwani angeweza kuwasahihisha kwa urahisi, maana katika lugha yake ugonjwa wenye maana hiyo ungeanza kwa ki-, si kwa chi-.

Utaratibu wa kuupa ugonjwa jina kutokana na kitenzi si mgeni kwa msemaji wa Kiswahili. Malale ni ugonjwa unaomlaza mtu mchana kweupe. Kichomi ni ule unaochoma ubavuni. Jina la namna hiyo hueleza jambo ambalo macho ya mtu yeyote aliyemuuguza mgonjwa yanaweza kulithibitisha.

Newala, 1952 na 1953

Mlipuko ulioleta jina hili ulitokea mwaka 1952 na 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika ya wakati huo, hasa Newala na maeneo yanayoizunguka. Watu waliugua ghafla. Aliyekuwa mzima asubuhi aliweza kufikia jioni akiwa na homa kali na maumivu ya viungo yaliyomzuia kusogea. Wengi walitokwa na vipele. Waliofariki walikuwa wachache, lakini watu wa nyumba nzima waliweza kulala kitandani kwa pamoja, pasiwe na wa kumtekea mwenzake maji.

Kwa daktari aliyesoma vitabu vya wakati ule, dalili hizo zilifanana sana na homa ya dengi, na Robinson mwenyewe aliueleza ugonjwa kuwa unafanana nayo. W. H. R. Lumsden, mtafiti wa kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, Uganda, alichunguza namna ulivyoenea. R. W. Ross, naye wa Entebbe, alitenga kirusi kutoka katika damu ya wagonjwa na kutoka kwa mbu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1956. Kirusi hicho hakikuwa cha dengi. Kilipohitaji jina, kilipewa lile walilokuwa wakilitumia Wamakonde.

Sababu mojawapo ya mlipuko kushika kasi ilikuwa maji, au tuseme ukosefu wake. Udongo wa uwanda wa Makonde hunyonya mvua upesi, na juu ya uwanda ni vigumu kupata kijito. Watu wa zama hizo walishuka mabondeni kuteka maji, wakayapandisha kwa kichwa na kuyatunza ndani ya nyumba katika vyungu na mitungi. Maji safi yaliyotulia chombo kimoja kwa siku nyingi, karibu na watu, ndiyo makazi yanayopendwa na mbu aina ya Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, wakati ambapo watu hawako ndani ya chandarua.

Majina yanayosema kweli na yanayopotosha

Ubora wa jina la Kimakonde huonekana likilinganishwa na neno ambalo kila zahanati hulitaja kila siku. Malaria limetokana na maneno mawili ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Waliolitunga waliamini kwamba homa hutokana na mvuke wa mabwawa yanayooza. Mwishoni mwa karne ya 19 ilipothibitika kwamba ugonjwa huletwa na vimelea vinavyosambazwa na mbu, imani hiyo ilianguka, lakini jina lilibaki. Wamakonde hawakutaja chanzo cha ugonjwa. Walitaja walichokiona, na kwa hiyo hakuna ugunduzi uliolazimika kukanusha jina lao.

Neno dengi nalo lina historia inayofika Afrika Mashariki. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar na kuandika kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu katika eneo hili kilichochapishwa mwaka 1876, aliandika pia kuhusu homa iliyoenea Zanzibar mwaka 1870. Wazee wa mji walimweleza kuwa waliwahi kuiona homa hiyo karibu mwaka 1823, nao waliiita kidinga pepo. Wanaisimu wengi huhusisha jina hilo na neno dengue lililojitokeza baadaye katika visiwa vya Karibi. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alitoa hoja ya kushangaza: kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyoelezwa, baadhi ya milipuko ya kale iliyoandikwa kuwa dengi huenda ilikuwa chikungunya. Ikiwa hoja yake ni sahihi, magonjwa mawili yalichanganywa kwa zaidi ya karne moja, mpaka lilipopatikana jina lililosisitiza kujikunja.

Mwaka 1959 jambo kama hilo lilitokea kaskazini mwa Uganda. Homa yenye maumivu makali ya viungo iliwapata watu wa eneo la Waacholi, nao wakaiita o'nyong'nyong, neno linaloeleza kudhoofika kwa viungo. Mlipuko huo ulisambaa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na kukadiriwa kuwapata watu wapatao milioni 2. Kirusi chake ni ndugu wa karibu wa chikungunya, ila hubebwa na mbu aina ya Anopheles. Safari hiyo pia maabara ililichukua neno la wagonjwa.

Neno lilivyosafiri na kupoteza maana

Chikungunya ilirudi kwa nguvu Pwani mwaka 2004, ilipozuka Lamu nchini Kenya. Mwaka uliofuata ilikuwa Komoro. Mwaka 2005 na 2006 iliingia kisiwa cha Réunion, ambako watu wapatao 266,000 waliugua, karibu theluthi moja ya wakazi wote. India ilihesabu wagonjwa waliodhaniwa kuwa nayo zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2006. Italia ilipata mlipuko mwaka 2007, na mwisho wa mwaka 2013 ugonjwa uliingia visiwa vya Karibi, kisha ukasambaa katika bara la Amerika.

Kadiri neno lilivyokwenda mbali ndivyo maana yake ilivyofifia. Huko India, kwa sababu mwanzo wa jina hili unakaribiana kwa sauti na neno la Kiingereza la kuku, wapo waliodhani kwamba ugonjwa huletwa na kuku, wakaacha kula nyama yake. Mtu wa Newala asingeweza kukosea hivyo. Jina likieleweka humwelekeza mtu kwenye dalili. Lisipoeleweka huwa sauti tupu, na kila mtu huitafutia maana yake.

Homa yote kuitwa malaria

Neno lenye maana wazi halina faida ikiwa mwenye kutibu halikumbuki. Somo la jambo hili limo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali mbili mjini Moshi mwaka 2007 na 2008. Wagonjwa walikuwa 870. Walipopokelewa, asilimia 60.7 waliandikiwa kuwa na malaria. Baada ya vipimo kamili, malaria ilithibitika kuwa chanzo cha homa kwa asilimia 1.6 tu. Wagonjwa 55, sawa na asilimia 7.9 ya waliopimwa maambukizi ya virusi vinavyoenezwa na wadudu, walikuwa na chikungunya. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye wakati wa kulazwa aliandikiwa ugonjwa wa aina hiyo miongoni mwa magonjwa yanayoshukiwa.

Takwimu za Moshi haziwezi kuhamishiwa Lindi kama zilivyo. Malaria bado ni mzigo mkubwa katika mkoa huu, na mtu mwenye homa Nachingwea au Ruangwa anapaswa kupimwa malaria bila kuchelewa. Linaloweza kuhamishwa ni onyo lenyewe: ugonjwa usiofikiriwa hauonekani. Hakuna sababu ya kuamini kwamba kirusi kinachobebwa na mbu wa majumbani hukoma kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde na kurudi kilikotoka. Ndoo, madumu na mapipa ya maji yako katika kaya za Ruangwa kama yalivyo Newala, na barabara za korosho huunganisha wilaya hizi kila msimu.

Kusikiliza kitenzi

Wakazi wengi wa Nachingwea na Ruangwa ni Wamwera, nao huishi pamoja na Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mhudumu wa afya mara nyingi hupangiwa kazi mbali na kwao, na Kiswahili ndicho humkutanisha na mgonjwa. Lugha hiyo huwatosha wengi. Lakini mzee anayeieleza homa yake kwa lugha ya nyumbani huweza kutumia kitenzi mahususi, na mjukuu anayemfasiria akalifupisha jambo lote kuwa "mwili unauma". Kilichopotea katika ufupisho huo huenda ndicho kilichohitajika. Malaria huuma mwili, mafua huuma mwili, na kazi ya kuinama siku nzima mkorosheni huuma mwili. Ugonjwa unaomkunja mtu ni jambo jingine.

Kwa hiyo mhudumu hana budi kumwomba mfasiri alitamke neno la mgonjwa lilivyo, kisha aulize linaelezaje mwili. Baada ya hapo yapo maswali yasiyohitaji kifaa chochote. Je, homa ilianza ghafla, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kuitaja saa? Je, anaweza kufunga ngumi? Anaweza kushika jembe, kukamua nguo, kuchuchumaa na kuinuka bila kusaidiwa? Maumivu yako kwenye misuli, au kwenye vifundo vya mikono, vidole, magoti na vifundo vya miguu? Yako pande zote mbili? Je, wapo wengine nyumbani au kwa jirani walioumwa hivyohivyo wiki hii? Homa ya ghafla pamoja na maumivu makali ya viungo vingi, hasa pale kipimo cha haraka cha malaria kinapoonesha hakuna vimelea, ni sababu tosha ya kuifikiria chikungunya.

Kipimo cha malaria kisipoonesha vimelea hakimaanishi kwamba mtu haumwi, wala si sababu ya kumpa dawa mseto kwa kubahatisha. Kikionesha vimelea, malaria itibiwe mara moja, lakini maumivu ya viungo yasiyo ya kawaida bado yaandikwe, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili. Uthibitisho wa chikungunya hupatikana maabara: katika wiki ya kwanza kwa kutafuta vinasaba vya kirusi ndani ya damu, na baadaye kwa kupima kingamwili. Zahanati isiyo na vipimo hivyo ina wajibu wa kuandika, kutoa taarifa wilayani na kufuata utaratibu wa kupeleka sampuli.

Mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua

Dalili za chikungunya huanza kwa kawaida siku 3 hadi 7 baada ya kuumwa na mbu mwenye kirusi. Homa hupungua ndani ya wiki moja hivi. Wengi hupona, lakini baadhi hubaki na maumivu ya viungo kwa miezi, wengine kwa miaka. Kwa mkulima anayeishi kwa mikono yake hilo si jambo dogo, na familia isimhesabu kuwa mvivu. Watoto wachanga walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, wazee na wenye maradhi ya kudumu kama kisukari, shinikizo la damu na moyo wako katika hatari kubwa zaidi, nao wawahishwe kituoni.

Hakuna dawa mahususi ya kuua kirusi hiki. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji ya kutosha na hutumia parasetamoli kwa kipimo alichoelekezwa. Hapa ndipo kutofautisha magonjwa kunapogusa uhai. Mtu mwenye maumivu ya viungo hukimbilia duka la dawa kununua aspirini, diklofenaki au ibuprofeni. Ikiwa ugonjwa wake ni dengi, dawa hizo zinaweza kuzidisha hatari ya kutoka damu. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi zaidi ya mara moja, ukiwamo ule wa mwaka 2019, na mabasi ya kusini hutoka na kuingia huko kila siku. Mpaka dengi itakapoondolewa katika orodha ya magonjwa yanayoshukiwa, dawa hizo ziepukwe. Mwenye homa akianza kutapika mfululizo, kuumwa sana tumbo, kutoka damu puani au kwenye fizi, kupumua kwa shida au kulegea kupita kiasi, arudi kituoni bila kusubiri kesho.

Katika wiki ya kwanza damu ya mgonjwa ina kirusi kingi, na mbu anayemuuma huweza kukipeleka kwa mwingine. Kwa hiyo mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, kwa ajili ya wenzake. Vyombo vya maji vifunikwe vizuri, na kila wiki vimwagwe na kusuguliwa ndani, maana mayai ya Aedes hushikamana na ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji. Matairi, makopo na vifuu vilivyotupwa nyuma ya nyumba viondolewe kabla ya mvua.

Neno linapoingia kitabuni

Kazi ya mwisho ya neno la mgonjwa hufanyika katika vitabu vya MTUHA na katika faili lake. Mhudumu akiandika "homa, maumivu ya mwili", ameandika kitu kinachofanana na mstari ulio juu yake na ulio chini yake. Akiandika "homa ya ghafla siku ya pili, hawezi kufunga ngumi, haamki bila kushikwa, malaria hakuna, mke na mtoto wanaumwa vivyo hivyo", ameandika jambo ambalo mganga mkuu wa wilaya anaweza kulifanyia kazi. Mistari kumi ya namna hiyo kutoka kijiji kimoja ndani ya wiki moja ni mlipuko unaoonekana kwa macho. Mistari kumi ya "maumivu ya mwili" ni wiki ya kawaida, na mbu huendelea kuuma.